Mama Mkwe, Bata na Mtumbwi wa Lukuga

Kwa miaka kumi na mmoja nilimjua mama mkwe wangu kwa miguu yake. Nilijua kisigino chake cha kushoto kilichopasuka, kidole gumba kilichopinda kwa ndani, na jinsi anavyoutua mguu wa kulia polepole kwa sababu ya goti. Uso wake sikuujua. Niliuona mara moja tu, siku ya harusi, tena kwa bahati mbaya, na papo hapo nikatazama chini.

Ndivyo desturi ilivyo kwao, na kwetu pia. Mimi ni mtu wa ufukwe wa kaskazini wa ziwa, uvuvi wa baba yangu ndio ulionileta Kalemie nikiwa mdogo. Mke wangu ni wa hapa hapa, ukoo wao umeishi ukingoni mwa mto Lukuga tangu zamani. Tunatofautiana kwa mengi, lakini kwa jambo la ukwe tulikutana: mwanaume hamtazami usoni mama aliyemzaa mke wake, hasemi naye, wala hali mahali anapokula. Wakikutana njiani, mmoja anampisha mwenzake. Vijana wengi wa mjini wameacha mambo hayo, na mchungaji wetu anasema si lazima. Mama mkwe alimtumia mchungaji ujumbe kwamba hata mahubiri ya saa mbili si lazima.

Desturi hiyo ina mwisho wake. Mkwe akinunua kitambaa kizuri, akakileta kwa heshima, na mama akakipokea, basi, tangu hapo wanasalimiana kama watu wengine. Mimi sikukinunua. Mwaka wa kwanza nilisema sina nafasi, mwaka wa pili nilisema vitambaa vya sokoni havina rangi nzuri, na baada ya hapo sikuulizwa tena. Acha niseme ukweli: nilikuwa nafaidi. Mama mkwe ana ulimi mkali unaojulikana kijiji hadi kijiji, na mwanaume ambaye ulimi huo umekatazwa kumgusa ana bahati yake.

Kisha ziwa likapanda. Kila mtu wa Kalemie ana habari zake za maji yale, kwa hiyo zangu nitazifupisha. Mtumbwi wangu wa kazi ulipigwa kwenye mawe hadi ukabaki kuni. Lukuga, unaochukua maji ya ziwa na kuyapeleka magharibi, ulifura ukaingia kwenye nyumba za wakulima. Nyumba ya mama mkwe ilikuwa ya udongo. Ilisimama ndani ya maji siku nne, ya tano ikalala. Mke wangu akaenda kumchukua, akarudi naye pamoja na jembe, godoro jembamba la pamba, furushi la mbegu za karanga na bata jike mmoja. Ilikuwa aje kwetu wiki mbili. Akakaa mwaka na nusu.

Kwetu ni vyumba viwili, jiko, choo na uwanja wa mchanga, na watoto tunao. Katika nafasi hiyo mimi na mama mkwe tulilazimika kuishi bila kuonana. Yeye akitaka kutoka chumbani, alikohoa. Mimi nikirudi nyumbani, nilipiga mluzi tangu kwenye kona. Akiwa uani aliketi kando ya jiko, uso ameuelekeza ukutani, nami nikapita nyuma yake nikiangalia vidole vyangu. Maneno yetu yote yalipitia kwa mke wangu.

“Umwambie bwana yako chumvi imeisha,” mama mkwe alisema, mimi nikiwa hatua nne tu kutoka pale.

“Umwambie Mama nimesikia.”

Mke wangu hakuwa anarudia tena. Aliinua tu kichwa kuonyesha kwamba ujumbe umepita. Na siku akiwa sokoni, mama mkwe alimwambia bata.

Habari za shamba la mama mkwe zililetwa na mwanamke mmoja muuza mihogo aliyetoka kijijini kwake, huko chini mtoni. Alikaa jikoni akaeleza kwamba shefu wa kijiji amesema hivi: mashamba mengi ya kando ya mto yameliwa na maji, watu wanaomba ardhi ya juu, na shamba la mama mkwe, ambalo liko juu, limelala msimu mzima. Mvua ya kwanza ikinyesha bila yeye kulitia jembe, litapewa wengine. Shefu hakuwa mtu mbaya. Ndiyo sheria ya pale, na hata mama mkwe mwenyewe aliijua.

Pembeni mwa shamba lile wamezikwa mume wake na watoto wake wawili. Nilikuwa mlangoni nikitengeneza kiatu, na niliona miguu yake tu. Ilikuwa imenyooshwa, vidole vikichezacheza kama kawaida anapochambua sombe, majani ya muhogo. Vikatulia. Havikucheza tena hadi yule mwanamke alipoondoka.

Kumfikisha huko ndiyo ilikuwa taabu. Barabara ilikuwa imekatika makorongo. Treni inapita ng'ambo ile nyingine, tena inapita siku inayotaka yenyewe. Kwa mguu, goti lingekataa kabla ya kufika darajani. Na mitumbwi ya Lukuga ni miti iliyochongwa, myembamba, abiria anakaa amekunja magoti hadi kidevuni. Mama mkwe goti lake halikunjiki. Nikasimama katikati ya uwanja, nikasema kwa sauti, ili nisilazimike kurudia:

“Umwambie Mama nitajenga mutumbwi wa mbao. Atakaa ndani na miguu yake imenyooka. Mbele ya mvua atakuwa mu shamba yake.”

 Kutoka kando ya jiko ukaja ujumbe: “Umwambie tutaona.”

Wakati huo nilikuwa napiga kafi kwa tajiri mmoja anayepeleka bidhaa vijiji vya kusini, hadi Zongwe. Mtumbwi wake ulikuwa na mota, lakini aliionea huruma petroli kuliko mabega yetu, kwa hiyo mota ilisafiri kama abiria na sisi sita tukapiga kafi. Safari moja ilichukua siku tano au sita, kisha nyumbani siku tatu au nne, kisha safari tena. Katika siku hizo tatu au nne ndipo nilipojenga. Nilitoka safarini na malengelenge ya kafi kwenye kiganja, nikashika msumeno nikapata mengine kwenye vidole, na nilipopona ya msumeno ilikuwa saa ya kurudi kwenye kafi. Mke wangu alisema mikono yangu imekuwa na ratiba.

Nilifurahi, lazima niseme. Sikuwa nimejenga kitu kikubwa tangu baba yangu alipofariki. Yeye ndiye aliyekuwa fundi, mimi nilikuwa wa kushika upande wa pili wa ubao, lakini mikono ilikumbuka. Nilianza na mkuku, ule mti mzito ulionyooka unaopita chini ya mtumbwi kama uti wa mgongo, nikaukata vizuri ili ushike maji. Kisha nikasimamisha mataruma, mbavu za mtumbwi, nikitafuta matawi yaliyopinda yenyewe. Kisha mbao nyekundu za mkula, moja juu ya nyingine, hadi pua ya mtumbwi ikafika kifuani mwangu, tayari kupasua mawimbi. Majirani walipita wakasimama. Nilijifanya siwaoni.

Aliyenitibua ni bata.

“Bata,” mama mkwe alisema asubuhi moja, akiwa ameukabili ukuta wake. “Weye njo unajua maji. Uniambie. Ulisha kuona bata mwenye tumbo ya samaki?”

Bata akatikisa mkia. Mimi nikaendelea kupiga randa.

“Mi sikuona,” akajijibu. “Bata tumbo yake iko sawa, pana. Anapita juu ya mchanga, anapita mu majani, hakwami. Sasa ile kintu iko pale mu uwanja, sijui itapita wapi.”

Nilielewa vizuri sana. Alikuwa anasema mkuku wangu umeshuka chini mno kwa mto. Damu ikanipanda. Baba yangu alivuka ziwa hadi Kigoma kwa mitumbwi ya mkuku kama huo, na dhoruba zikamsalimia kwa heshima, halafu leo nifundishwe na bata! Nikamwambia mke wangu amwambie mama yake kwamba maji ni maji. Jibu likarudi kwamba hata supu ni maji.

Kila niliporudi kutoka Zongwe, bata alikuwa na neno jipya. Bata, pua ya kile kintu itakamata matawi. Bata, kile kintu ni kizito, watu gani watakibeba? Bata, wengine wakisikia wanajifanya hawana masikio, uwahurumie. Siku moja nilisema kwa sauti kubwa kwamba nimekaa muda mrefu bila kula nyama ya bata. Mke wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi, akatutazama wote wawili, akasema yeye amechoka, tena aliolewa, hakuajiriwa posta. 

Mwisho wa Agosti nilitangaza kwamba kazi imekwisha. Wanaume kumi waliubeba hadi Lukuga, karibu na mahali wanawake wanapofulia, na walipumzika mara saba njiani. Nilisikia mmoja akisema ni mzito. Nikajifanya sina masikio.

Majini ulikaa vizuri, nasema kweli. Kwenye kina ulikwenda umenyooka kama unavutwa kwa kamba, na mimi nikaanza kupiga mluzi. Kisha tukafika kwenye pinda la kwanza. Maji ya mafuriko yaliporudi nyuma yaliacha michanga mahali ambapo haikuwepo, na miti iliyokufa imesimama chini ya maji. Mkuku ukaingia kwenye mchanga ule kama jembe. Mbele pakakwama, nyuma pakashikwa na mkondo, mtumbwi ukageuka ubavu, ukainama, ukanywa. Kafi likaenda zake. Mimi nikaruka nikidhani ninazama, nikajikuta nimesimama, maji yanafika kiunoni.

Wanawake wa kufua walicheka hadi wakaketi. Mmoja akaniita:

“Papa! Ziwa iko ile upande!”

Niliukasirikia mto, nikaukasirikia mchanga, nikawakasirikia hata watu walionisaidia kuvuta kamba. Tuliurudisha uwanjani jioni ile ile. Ulilala pale umejaa matope, umeziba njia ya kwenda chooni, na kila aliyetaka kupita alilazimika kuuzunguka.

Nilingoja bata aambiwe. Nilijiandaa kabisa, hata majibu nilikuwa nayo. Lakini mama mkwe hakusema kitu. Alikohoa, akatoka, akaketi, akarudi ndani. Kesho yake vile vile. Bata alizunguka uwanja akimtazama, akasimama karibu naye, akaondoka. Sikuwahi kufikiri kwamba ningeukosa ule ulimi, lakini niliukosa.

Siku ya tatu mke wangu alipika sombe kwa karanga. Nilikula matonge mawili ya bugali, na la tatu likanikaa mkononi. Karanga nyingine zilikuwa hazijasagika vizuri, na nilipozitazama niliona ni kubwa, zote za umbo moja, nzuri kuliko za sokoni.

“Karanga za wapi hizi?” nikauliza.

Mke wangu hakuinua uso. “Zake. Za furushi. Amesema tupike tu, haziko tena na kazi.”

Furushi lile lilining'inia kwenye dari la chumba chake mwaka na nusu. Alikuwa amezichagua punje moja moja, akizigeuza juani kila mwezi ili zisiliwe na wadudu. Nilikuwa ninakula shamba lake. Niliona aibu ambayo sijaiona tangu nikiwa mtoto niliyekamatwa nikiiba sadaka. Nikaweka tonge chini, nikanawa, nikaenda kukaa kwenye mtumbwi wangu wa matope, na sikuwa na mtu wa kumkasirikia.

Asubuhi alikuwa mahali pake, mgongo kwangu. Mke wangu alikuwa ameshakwenda sokoni, watoto shuleni. Nikasimama nyuma ya mtumbwi, nami nikageukia ukuta wa choo ili nisikosee adabu. Nikakohoa. Kisha nikasema:

“Bata.”

Bata alikuja, maana alizoea kuitwa.

“Bata, kuko mujinga moja hapa. Alijenga mutumbwi wa ziwa, na alikuwa anataka kwenda mu muto. Umuulize Mama: mutumbwi wa muto, tumbo yake inakalaka namna gani?”

 Nilisikia ufagio wa jirani, nikasikia redio ya mbali. Nilianza kujuta.

“Bata,” sauti ikaja, polepole, “umwambie ule mujinga atoe kwanza ule mukuku. Kisha akuangalie weye vizuri.”

Ndivyo tulivyofanya. Niliung'oa mkuku uliokuwa fahari yangu, nikaupasua, nikautumia kutengeneza viti. Nilibomoa mbao za juu hadi nusu. Chini nikaweka mbao za ubapa, na ubavu nikaulaza kwa nje kidogo. Pua niliikata, nikaitengeneza fupi, imeinuka taratibu kama mwiko, ili ikikuta mchanga iupande badala ya kuulima. Kila hatua niliuliza, na kila hatua bata alipewa jibu. Alipoulizwa urefu wa mahali pake pa kukaa, mama mkwe alisimama, nami nikajificha jikoni. Akaenda akaketi juu ya mbao, akanyoosha miguu yake yote miwili, akachora kwa mkaa mahali kisigino kilipofika. Kisha akakohoa, nikatoka.

Mke wangu alirudi siku moja kutoka sokoni akatukuta hivyo: mama yake ameukabili ukuta wa jiko, mimi nimeukabili ukuta wa choo, bata katikati, na mazungumzo yamekolea. Alirudi nyuma ya nyumba, na nikamsikia akicheka hadi akapaliwa.

Safari ya Zongwe iliyofuata sikumbuki uchovu wake. Nilikwenda nikipita nyumba hadi nyumba nikiomba mbegu za karanga, si za kula, za kupanda, na nikarudi na mfuko mdogo. Niliuweka mchangani karibu na kiti chake, nikaondoka, nikasema nikiwa mlangoni: “Bata, kuna kitu pale.” Nikasikia fundo likifunguliwa. Nikasikia jino likipasua ganda.

“Bata, hizi ni ndogo,” akasema. Akatafuna. “Lakini zitaota.”

Ikabaki kuziba nyufa. Kwetu huku tunaziba kwa pamba iliyolowekwa mafuta ya mawese, unaisukuma katikati ya mbao kwa patasi na nyundo, ikilowa maji inavimba na kushika. Pamba yangu yote ilikuwa imekwenda kwenye mtumbwi wa kwanza, na mbingu za upande wa milima zilikuwa zimeanza kuwa nyeusi mchana. Nilipanga kwenda kuitafuta. Asubuhi nilipotoka nilikuta beseni kubwa kando ya mtumbwi, limejaa pamba iliyochambuliwa safi. Godoro lake lilikuwa limeanikwa ukutani, tupu, limefumuliwa mshono mmoja kwa uangalifu ili kitambaa kisiharibike.

“Bata,” alisema, “hii pamba ni ya mutumbwi. Wengine wanaitiaka mu masikio.”

Nilicheka kwa sauti. Sikuwa nimewahi kucheka mbele yake. Na nadhani, ingawa siwezi kuapa, kwamba mabega yake pia yalitikisika.

Wiki ile ile nilikwenda sokoni nikanunua kitambaa. Sikubagua sana rangi, na wala hazikuwa mbaya. Nilikificha ndani ya sanduku la vifaa, chini ya tezo.

Tuliondoka Jumamosi asubuhi na mapema, wanaume sita tu wameubeba na hawakupumzika. Mama mkwe aliketi mbele kabisa, mgongo kwangu, miguu imenyooka mbele yake, jembe mapajani. Mke wangu alikaa katikati na kopo la kukumba maji, kwa sababu mtumbwi mpya huvuja hadi pamba ishibe. Bata alikuwa kapuni. Mimi nilikaa nyuma na kafi. Tulikuwa tumepatana namna ya kwenda: mama mkwe ataujua mto, atamwambia mke wangu, mke wangu ataniambia mimi.

“Umwambie aende kuume,” alisema mama mkwe.

“Kuume,” alisema mke wangu.

Nami nikaenda kuume. Tulipita pinda la aibu yangu na mtumbwi ukateleza juu ya mchanga ukitoa sauti ndogo tu. Wanawake wa kufua walikuwepo. Mmoja aliinua shati alilokuwa akifua akalipeperusha, na mimi nikajibu kwa kafi. Tulikwenda hivyo nusu ya asubuhi, kuume, kushoto, katikati, maneno yakipita mikono miwili kabla ya kunifikia, na mto ulikuwa mpole, ukitungoja.

Kisha mto ukabana. Mkondo ukashika kasi. Mke wangu alikuwa ameinama akikumba maji, kichwa chini, kopo linagonga mbao, hasikii kitu. Mimi mbele niliona maji laini tu, nikashukuru, nikaongeza nguvu.

“Umwambie kushoto!” mama mkwe akasema. Mke wangu hakusikia. “Umwambie...”

Akageuza kichwa nusu.

“Kushoto! Mukwe! KUSHOTO!”

Sikufikiri. Mikono yangu ilitii kabla yangu. Nikalitia kafi kwa uzito wangu wote, mtumbwi ukalala ukageuka, na upande wa kulia, karibu kiasi cha kuugusa, gogo jeusi la mti uliokufa likapita chini ya maji laini, ncha yake imechongoka. Lingeingia pale pale mke wangu alipokuwa ameketi.

 Mke wangu alikuwa ameinua uso, kopo mkononi, mdomo wazi, akimtazama mama yake, kisha mimi, kisha mama yake. Miaka kumi na mmoja alikuwa njia yetu, na sasa njia ilikuwa imerukwa. Mama mkwe aligeukia mbele tena, akakaa wima. Kutoka pale hakutamka neno. Aliinua mkono tu, mkono wa kulia kwa kulia, wa kushoto kwa kushoto, na mimi nikaufuata mkono ule hadi kijijini.

Tulifika jua likiwa bado juu. Shefu alikuwepo ufukoni na watu kadhaa, maana mtumbwi wa mbao mtoni ni habari. Mama mkwe alimsalimia, akashika jembe kama fimbo, akapanda kilima kwa goti lake lile bila kukubali mkono wa mtu. Tukamfuata. Shamba lilikuwa limeota majani hadi kiunoni, lakini lilikuwepo, na makaburi pembeni yalikuwepo, makavu. Akapiga jembe la kwanza. Akapiga la pili. Akalima kipande cha urefu wa mkeka, akapiga goti lile moja linalokunjika, akafukia karanga za Zongwe. Shefu alitazama hadi mwisho, akatikisa kichwa kukubali, akarudi zake kijijini.

Hapo ndipo nilipokitoa kitambaa. Sikuwa nimejua nitafanyaje, sikuwa na mshenga wala maneno. Nilipiga magoti kwenye udongo aliolima, nikakishika kwa mikono miwili, macho yangu chini, kwenye miguu yake niliyoijua. Ile miguu ikageuka ikanielekea.

Kitambaa kikaondoka mikononi mwangu. Kisha nikasikia kidevu changu kinainuliwa na vidole vyenye udongo, nami nikauona uso wake. Ni uso mdogo. Una mikunjo ya kucheka, mingi sana, jambo ambalo sikulitegemea.

Alinitazama kwa muda, upande huu, upande ule.

“Kumbe masikio uko nayo,” akasema. Kisha akasema, “Ulisha kula?”

 Mke wangu, aliyekuwa nyuma yangu, akajibu kwa ajili yangu kama alivyozoea: “Hajakula, Mama, tangu asubuhi.”

“Sikukuuliza weye,” mama mkwe akamwambia, bila kuniondolea macho. “Niko naongea na mutoto yangu.”



“Bado, Mama,” nikasema.